Bodi Iligongwa Mara Mbili

Kituoni, sajini alitaka niseme mume wangu alitoroka. Alilitamka neno hilo kwa upole, kama mtu anayemnywesha mgonjwa dawa.

"Alitoroka, mama. Tulimsimamisha pale Ruiru, akaondoa gari tukiwa bado tunalikagua. Tukamfuata, akapinduka. Ukikubali hivyo, faili inafungwa, mnachukua pikapu yenu, mnazika kwa amani."

Shemeji yangu Ndung'u alinigusa mkono usio na bendeji. "Mama Wangechi, kubali tu. Wanyoike yuko mochari. Nani atamshtaki huko?"

"Wangechi ataulizwa na wenzake kama babake alikuwa mwizi," nikamjibu. "Utaenda wewe kumjibia?"

Akauachia mkono wangu.

Mimi nilikuwa ndani ya pikapu hiyo. Tulitoka Ngoingwa na magunia ya chakula cha kuku, tukimpelekea mteja wetu Ruiru. Polisi walipoinua mkono, Wanyoike alisimama vizuri kando ya barabara. Akatoa leseni, akarudishiwa. Hata walitaniana. Sajini huyu huyu alimuuliza, "Kwani kuku wa Ruiru wanakula kuliko watu?"

"Afande, hao hawalipi kodi ya nyumba. Kwa nini wasile?"

Wakacheka wote wawili. Kisha sajini akazunguka nyuma, akagonga bodi ya pikapu kwa kiganja: du, du. Wanyoike akatia gia, tukaondoka.

Kabla ya kununua pikapu, mume wangu aliendesha matatu miaka mingi kati ya Thika na Ruiru. Kwa dereva wa matatu, makanga, yule mkusanya nauli, akigonga bodi mara moja ni simama, mara mbili ni twende. Dereva hageuki kutazama. Mguu husikia kabla ya sikio. Hata jikoni nikigonga mwiko kwenye sufuria mara mbili, alikuwa akiniuliza, "Twende wapi tena?"

Tuliposikia king'ora nyuma yetu alisema, "Hawa wana haraka, tuwapishe." Akasogea pembeni. Gurudumu likaingia mtaroni, tukapinduka. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho.

"Uligonga mara mbili," nikamwambia sajini.

"Niligonga ili afungue nyuma!"

"Ungesema fungua."

"Mama, mimi si makanga."

"Na yeye angejuaje?"

Polisi wa kike aliyekuwa kaunta aliinama ghafla, eti anatafuta kalamu.

Uani, Land Cruiser ya kituo ilikuwa ikinguruma, dereva akingoja wenzake wapande. Nikatoka. Hakuna aliyenizuia, mjane huachiwa njia. Nikafika nyuma ya gari, nikagonga bodi: du, du.

Gari likaondoka. Likapita lango na kushika barabara, polisi wawili wakilikimbilia, kofia mkononi. "Mwanzia! Wee Mwanzia! Unaenda wapi? Simama!"

"Ngai!" Ndung'u akasema. Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka kilio. Tangu kaka yake afe sikuwa nimemwona akilia.

Sajini alikuwa amesimama mlangoni. "Hilo ni kosa, mama. Naweza kukuweka ndani."

"Niweke. Lakini anza na Mwanzia. Ametoroka polisi."

Alirudi mezani amenuna, nasi tukamfuata. "Basi pikapu haitoki hapa."

"Ikae. Tutamzika bila pikapu."

Alimgeukia Ndung'u, kama mwanamume atakayeelewana na mwanamume mwenzake. "Mzee, ongea na huyu shemeji yako."

Ndung'u alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Amekwisha kuongea, afande. Mimi nangoja uandike."

"Niandike nini?"

"Andika hivi," nikasema. "Wanyoike alisimama alipoambiwa asimame, akaondoka alipoambiwa aondoke."

Hakushika kalamu. Ndung'u akavuta benchi mpaka mbele ya meza yake, na sote wawili tukakaa.