Chungu cha Mama Kilichosuguliwa

Haya yote ni kweli, hakuna hata punje ya chumvi iliyoongezwa. Atakayekuta uongo humu, msimuliaji atamnunulia kibuyu kizima cha urwarwa, pombe ile ya ndizi, na hatanung'unika.

Bonifasi wa Gasorwe ana chungu cha chuma chenye mfuniko mzito na miguu minne. Mama yake alikipikia katika kambi ya wakimbizi Tanzania mpaka akafia huko. Kila baada ya kupika, Bonifasi hukisuuza kwa maji ya moto matupu, hukikausha, hukipaka mawese kidogo na kukiinamisha juu ya makaa hadi moshi uishe. Sabuni hapana. Ndiyo maana kilikuwa cheusi ti, na maharage hayakushika chini.

Kaka yake Leonardi, ambaye hakuwahi kuhama kwao Itaba, alikiazima kwa harusi ya binti yake. Bonifasi alipokifuata alikikuta cheupe kama sahani.

“Shemeji, ilikuwa nyeusi sana, tukaona haya mbele ya wageni,” alisema Jeska, mke wa Leonardi. “Mi nimesugua na sabuni na mchanga mpaka mikono inauma. We hata merci husemi?”

Bonifasi alitaka kujibu, akagundua hamkumbuki mama yake. Sura, sauti, vyote vilikuwa vimetoka na ule weusi. Na kesho yake wazee wa kilima, bashingantahe, wangekuja kusikiliza kesi yake na Leonardi ya shamba la baba yao. Mpaka wa shamba hilo mama alimweleza yeye tu, wakiwa kambini.

Akawasha makaa palepale uani, akaanza upya. Mpako wa kwanza wa mawese ulimrudishia maumivu ya jino la Anisia, jirani wa kambini aliyekuwa akila humo chunguni. Wa pili ulimletea hasira za mtu asiyemjua. Wa tatu ukamliza.

“Unalia nini, mdogo wangu?” aliuliza Leonardi.

“Sijui. Nadhani mume wangu amechelewa kurudi.”

“Pole,” alisema Leonardi, akaenda kulala.

Wazee walifika asubuhi, chungu kikifuka. Mama akatoka ndani ya moshi, jembe begani. Akawasalimu, wakamwitikia, akateremka shambani hadi kwenye mti wa umuvumu.

“Hapa kushuka mpaka kijitoni ni kwa Bonifasi. Leonardi, ulijua.”

“Nilijua, mama.”

“Na hicho chungu msikiache kwenye umande,” akasema, akaisha pamoja na moshi.

Wazee walinong'ona kidogo. “Mama amesema kweli,” alisema mkubwa wao. “Lakini marehemu hawezi kuwa shahidi. Tukimkubali huyu, kesho watakuja wote. Na Leonardi alikuwa anamjibu mzazi wake, hayo ni mambo ya nyumbani.”

Shamba likabaki kwa Leonardi, maana maharage yake yalikuwa karibu kuiva. Bonifasi alipanda gari la Muyinga kurudi Gasorwe, chungu mapajani. Sasa alimkumbuka mama yake, lakini jino la Anisia lingali linamuuma.

Kasilda, mkewe, aliisikia hadithi hii Gasorwe na kutikisa kichwa.

“Mambo ya mama mkwe ni sawa kabisa,” alimwambia msimuliaji. “Ila mzee, nakipindua chungu hicho kila siku. Miguu minne umeitoa wapi? Iko mitatu.”

Kikaletwa, ikahesabiwa. Msimuliaji akaagiza kibuyu. Aliyekunywa wa kwanza ni Leonardi, aliyekuwa amekuja kuazima chungu.