Mkono wa Birika

Mashavu jirani yetu, Mungu amzidishie afya na ampunguzie ulimi, ndiye aliyeniita mkono wa birika. Alikuwa akicheka mikanda yangu. Nlikuwa nimetoka hospitali, vifundo vya mikono vimefungwa mikanda myeusi yenye kibati ndani, mkono umekazwa, umepinda kidogo. "Tazameni," akasema, "Nada kapata mkono wa birika!" Uchochoro mzima ukacheka, na mie nikacheka.

Neno likavuka kwenda Ng'ambo, likafika kwa Bi Bashira, habari ya mikanda imeachwa njiani. Alichosikia ni kwamba binti anayetaka kuposwa na mwanawe Zahran ni bahili. Na ushahidi aliupata: mwaka huu sikupeleka sahani za futari kwa majirani. Sikupeleka kwa sababu zikinizidi uzito mkono unateguka, jamani, si uchoyo!

Viungo vyangu vilegevu tangu kuzaliwa. Utotoni nlikuwa nnalaza kidole gumba mpaka kinagusa mkono juu ya kifundo, wenzangu wananipa ubuyu nirudie. Fizio, yule mtaalamu wa viungo wa hospitali, aliposikia hayo alinikazia macho. Michezo hiyo basi, akasema. Kitu kizito ubebe kwa mikono miwili, ukikumbatie kifuani, na kwenye kazi nzito usivue mkanda.

Zahran akanipigia simu. Mamake anakuja Ijumaa kula chakula cha mchana, anataka kuniona kwa macho yake. "Akikukataa, Nada, mie sijui ntafanya nini." Na mie nnampenda yule kijana, sifichi.

Ijumaa mama akaniambia, "Vua hayo matambara. Mgeni atasema tunamwoza mgonjwa."

"Mama, fizio kasema..."

"Fizio ndiye anayeposa?"

Nikavua. Nikayasukuma chini ya mto.

Bi Bashira akaingia na buibui lake, macho yanapita juu ya kila sahani.

"Shikamoo, Bi Bashira."

"Marahaba." Akakaa mkekani, mama akanikonyeza nimnawishe mgeni. Beseni mkono wa kushoto, birika la shaba mkono wa kulia, limejaa pomoni. Nikaona anavyolitazama lile birika, anangoja maji yatoke kiasi gani. Aa, mie bahili? Nikaliinamisha sana kwa hasira. Kifundo kikachomoka, birika likamwangukia mapajani na maji yake yote.

Mama akapiga ukelele. Mie nimekumbatia mkono, machozi yananitoka, kwa maumivu na kwa Zahran, maana nshamkosa.

"Nisamehe, Bi. Viungo vyangu havishiki. Nnavaa mikanda, leo nimeivua kwa ajili yako."

Bi Bashira akalitazama buibui lake linavyochuruzika. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka ushungi ukamvuka.

"Na huu ndio mkono wa birika nloambiwa? Mbona umenimwagia lote!"

Mama akakimbilia kanga kavu. Bi Bashira hakuingoja.

"Iko wapi hiyo mikanda?"

Nikamwonyesha mto. Akaitoa, akanifunga mwenyewe, polepole, akiniuliza kila akikaza kama panauma. Kisha akaliokota birika, akamwambia mama alijaze tena, akalishika yeye.

"Usiirowanishe," akasema. "Lete vidole tu nkunawishe, mkwe wangu."