Tone Moja Kila Jicho Linapolalama

Fundi alikuwa na cherehani aliyoishi nayo miaka thelathini, na cherehani hiyo ilimfundisha jambo moja alilolitumia kwa kila kitu duniani: kikilalama, kitie tone la mafuta, kikinyamaza, kiache. Bawaba za mlango alizitibu hivyo. Hata mdogo wake, waliyekuwa wakishona naye katika chumba kimoja cha barabarani, akilalamika alitiliwa chai, akinyamaza aliachwa.

Kwa hiyo macho yake yalipovimba na kuwa mekundu, na daktari akampa kichupa chenye dawa mbili ndani, antibiotiki ya kuua vijidudu na steroidi ya kutuliza uvimbe, Fundi alisikiliza maelezo kwa sikio moja. Tone moja kila jicho, mara nne kwa siku, siku saba, kisha arudi kupimwa na kuelekezwa namna ya kuipunguza. Siku ya pili macho yakawa meupe pe. Fundi akakitupia kichupa kwenye droo ya vifungo, na kliniki hakurudi. Macho yamenyamaza, akaseme nini?

Wiki ile ile yakawaka tena. Akatia tone, yakatulia. Kichupa kilipoisha alinunua kingine duka la dawa la jirani, ambako muuzaji hakuthubutu kumwomba cheti cha daktari, maana suruali zake zilikuwa bado kwa Fundi. Miezi minne ikapita hivyo. Mdogo wake naye alipoamka na macho mekundu, Fundi alimshika kidevu, akamtilia dawa ile ile, ncha ya kichupa ikimgusa kope, na akamwambia asijisumbue kushukuru.

Kisha taa ya cherehani ikaanza kuzungukwa na duara la rangi. Fundi akabadilisha balbu. Uzi ukakataa kuingia kwenye tundu, akawasema vibaya watengeneza sindano wa siku hizi. Ila siku alipopachika mkono wa kulia wa koti mahali pa wa kushoto, mwenye koti akiwa amesimama pale pale, hakupata wa kumlaumu. Akaogopa, akaogopa kweli. Bila macho yeye angekuwa nani? Kushona ndiyo kazi pekee aliyoijua. Mdogo wake aliposema twende kliniki, alichukua mtandio wake bila kubisha.

Daktari, binti ambaye Fundi angeweza kumzaa, alipima presha ya macho, akarudia tena. Akamweleza kwamba steroidi ikitumika muda mrefu bila kupimwa huweza kupandisha presha ndani ya jicho na kuharibu mshipa wa kuonea, na kinachopotea hapo hakirudi. Tena si kila wekundu ni ugonjwa ule ule. Kuna vijidudu ambavyo dawa hiyo huvipa nguvu, ndiyo maana dawa ya mmoja hapewi mwingine.

"Nitashona tena?" Fundi aliuliza.

"Utashona, mama. Umewahi. Lakini kuanzia leo utatia dawa nitakayokupa mimi, kwa saa nitakazosema, na utarudi nipime."

Kisha akauliza kama kuna mwingine aliyetiliwa kile kichupa. Fundi alikuwa hajalia kwa ajili ya macho yake mwenyewe, lakini hapo machozi yalimtoka. Akamwonyesha mdogo wake kwa kidole.

Mdogo mtu akakalishwa kwenye kiti, akamulikwa, akapimwa. Macho mazima, presha ya kawaida. Daktari akataka kujua alitiliwa mara ngapi.

"Mara tatu. Lakini hakuna hata tone lililoingia. Nilikuwa nafumba."

Fundi akamgeukia. "Ulikuwa unafumba? Si ungeniambia tu kwamba hutaki?"

"Nilikuambia, dada. Mara zote tatu."

Daktari alitoa kutoka kabatini kichupa kipya cha dawa ya kushusha presha ya macho ya Fundi, akamkabidhi mdogo mtu, akamwonyesha namna ya kuvuta kope la chini bila ncha kugusa kitu. Fundi akavua miwani yake ya kushonea, akainua uso kwa mdogo wake na kufumbua macho yote mawili.

"Haya," alisema. "Niambie tena, taratibu. Nakusikiliza."