Bubu wa Al Khoudh

Conjesta alianguka na sinia kwa mara ya saba, na safari hii goti lililia. Madamu wake, Nadra, hakulisikia. Alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa jiko, simu mkononi, macho kwenye kioo chake.

"Tena," alisema. "Uso fanya mkubwa. Na mdomo uende. Sema lolote, sauti ntaitoa."

Unga aliopakwa usoni ulikuwa unamwasha. Aliokota vikombe vya plastiki, akavipanga upya, akaingia, akateleza. Na pale chini sakafuni, macho kayatumbua kwa kuchekesha, akasema kwa midomo tu, bila sauti, "Mkataba wangu umekwisha. Nipe paspoti yangu niende kwetu. Mama yangu anakufa."

"Mumtaz," alisema Nadra, yaani nzuri sana.

Ndivyo alivyogeuka msanii, kama huo nao ni usanii. Nadra alikuwa na mapenzi na zile filamu za zamani zisizo na sauti, na siku moja alimwona Conjesta akimkwepa mjusi bafuni, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo, akishamaliza kufua, kupika na kudeki nyumba ya ghorofa mbili hapo Al Khoudh, kwa Waarabu, hupakwa unga akapigwa picha. Filamu arobaini kwa mwaka mmoja. Hazina rangi wala sauti. Maneno yake Nadra huyaandika chini kwa Kiarabu. Chai tayari, bibi yangu. Nisamehe, bibi yangu. Watu walimpenda. Dukani walimwita Bubu, wakaomba kupiga naye picha huku wameziba midomo yao, na wengine waliamini kabisa kwamba hana ulimi.

Paspoti aliidai kwa sauti mara moja tu. Nadra alijibu, "Baada ya Ramadhani," na Ramadhani ikapita. Hakurudia. Pelagia, aliyetoka Bukoba kama yeye, mtumishi wa nyumba ya tatu, alidai ya kwake mara mbili. Mwajiri wake akaripoti polisi kwamba ametoroka, na Pelagia akakamatwa akitoka dukani alikotumwa, mkate ungali mkononi. Mpaka leo hakuna ajuaye alipo. Basi Conjesta akawa anayasema yake kwenye filamu, ambako hakuna anayesikia. Yalimpunguzia kidogo.

Ijumaa mama yake Nadra, Bi Ghaniya, alikuja kutoka mji wa Sohar. Wakwe wa Nadra nao walikuja. Baada ya chakula wote wakakaa sebuleni, na Nadra akaiweka filamu mpya kwenye televisheni kubwa ya ukutani. Conjesta alikuwa anapitisha kahawa.

Bi Ghaniya alizaliwa Unguja, na masikio yalimfia zamani. Asubuhi Conjesta alimwamkia kutoka nyuma, asijibiwe. Ilibidi amzunguke, bibi amtazame midomo ndipo aitikie marahaba. Jambo hilo Conjesta hakulitilia maanani mpaka alipouona uso wake mwenyewe ukutani, mkubwa kama mlango, mdomo unakwenda. Akaacha kumimina kahawa.

Wageni walicheka alipoanguka. Bi Ghaniya hakucheka.

"Hasemi chai huyu," alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Anasema mkataba wake umekwisha. Ataka paspoti yake ende kwao. Mamake anakufa."

"Mama, anaigiza tu."

"Mie kiziwi, si kipofu. Irejeshe nyuma."

Ilirejeshwa. Hakuna aliyecheka mara ya pili. Mzee Msellem, mkwe wa Nadra, aliweka kikombe chini.

"Njoo hapa, mwanangu," alisema Bi Ghaniya. "Nitazame. Nambie mbele ya watu hawa: ulisema hivyo? Ukisema ndiyo, leo hii atakupa paspoti yako. Mie nipo, na baba mkwe wake yupo. Usiogope."

Conjesta alisogea. Nyuma ya kiti cha mama yake, mahali ambapo bibi hangeweza kumwona, Nadra alikuwa amesimama. Hakukasirika. Aliiinua simu taratibu, akaiweka sikioni, akatulia kama mtu anayesubiri kupokewa. Macho yake hayakutoka kwa Conjesta.

Neno lilikuwa pale pale ulimini, na lilikuwa fupi. Conjesta alifungua mdomo. Alimwona Pelagia na ule mkate.

"Hapana, bibi," alisema. "Nilikuwa nasali. Kihaya."

Bi Ghaniya aliendelea kuutazama ule mdomo muda mrefu, hata baada ya kufungwa.

"Kihaya," alisema. "Basi na macho nayo yashazeeka." Mmoja akacheka, na wengine wakamfuata. Mzee Msellem akanyoosha kikombe chake kiongezwe kahawa. Alasiri bibi alirudi Sohar.

Jumapili Nadra aliingia jikoni na barakoa nyeupe, zile za hospitali, na rangi yake ya mdomo. Alimvalisha Conjesta mwenyewe, akazivuta kamba hadi zikakata nyuma ya masikio. Kisha akamshika kidevu, na juu ya kile kitambaa akachora mdomo mwekundu unaocheka, toka shavu hili hadi lile, na meno ndani yake. Akarudi nyuma kuutazama.

"Watu watapenda," alisema.

"Madamu, kwetu wamepiga simu, mama yangu alfajiri—"

"Nini? Husikiki." Nadra alikuwa tayari amechuchumaa mlangoni. "Na usichezeshe mdomo, rangi itafutika."

Conjesta alichukua sinia, akaingia, akateleza. Hakuinuka. Mdomo wa rangi ulikuwa unacheka, na machozi yalishuka yakaingia chini ya barakoa.

"Hayo machozi yaache," alisema Nadra, akasogeza simu karibu ili yaonekane vizuri.