Sindano ya Pili

Mbwa jike alijipinda, sindano ikamkosa, ikazama kwenye kidole gumba cha mshika mbwa.

"Nawa kwa sabuni," daktari wa mifugo alimwambia. "Hiyo ni chanjo ya kuwazuia mbwa kushika mimba. Haina neno."

Haina neno! Mshika mbwa alinawa huku akimwangalia kwa pembe ya jicho. Kama haina neno, mbona asubuhi kamtoa mfagiaji chumbani kwa sababu ni mjamzito? Yeye na mkewe walikuwa mwaka wa nne wakihangaika kupata mtoto.

Daktari alipotoka kufuata mbwa mwingine, mshika mbwa akachomoa karatasi ya maelezo kwenye boksi la chanjo.

"Unaiba dawa, shemeji?" mfagiaji alimtania kutoka mlangoni.

"Nataka kujua nimedungwa nini."

"Basi soma kwa sauti. Na mimi nijue nilichofukuziwa."

Akasoma polepole, akiufuata mstari kwa kidole. Chanjo huufanya mwili upige vita homoni za uzazi. Mtu akijidunga, aende hospitali siku hiyo hiyo. Na aliyewahi kujidunga asiishike tena, kwani ya pili ina hatari kubwa zaidi.

Daktari akaingia. Mshika mbwa akamwinulia karatasi.

"Ulitaka kunificha!"

"Nikufiche nini, bwana? Kwa mara moja hatari ni ndogo. Hospitali utakwenda, nakuandikia barua sasa hivi. Ni mara ya kwanza, sivyo?"

Mfagiaji akaangalia sakafu. Pale kazini, aliyedungwa alichekwa kwamba hajui kushika mbwa, kisha akahamishiwa kuosha vizimba. Kwa hiyo kila aliyedungwa alinyonya kidole akanyamaza. Wiki tatu zilizopita, mshika mbwa naye alinyonya chake.

"Unauliza ili unipeleke vizimbani?"

"Nauliza nijue cha kuandika."

Alimkazia macho, akitafuta mtego usoni pake. Daktari alisubiri tu, kalamu mkononi.

"Andika ya pili."

Daktari akaiweka kalamu chini, akavua koti la kazi. "Twende, nakupeleka mwenyewe. Mpigie mkeo atukute huko."

"Yeye wa nini?"

"Utakayoambiwa yanamhusu."

Mshika mbwa akabonyeza namba kwa mkono wa kushoto. Mkewe akapokea upesi, sauti imechangamka.

"Mke wangu," alisema, "hebu kaa kwanza."