Kuku wa Wumpini

Binti yangu Wumpini aliteleza na beseni la kokwa za mti wa shea kichwani, mfupa wa mkono wa kulia ukapasuka kwenye kifundo. Tukaenda kwa Afa Napari, muunga mifupa. Akamfunga vijiti, kisha akamvunja kuku mguu, naye akamfunga vilevile. Siku kuku atakapotembea, mgonjwa anafunguliwa, na kuku anakuwa ujira wa Afa.

Kuku alitembea. Wumpini akafunguliwa, akarudi kwa wenzake kukanda siagi, kuupiga ule uji mzito wa kokwa kwa mkono mpaka uwe mweupe. Kidole gumba kikaanza kuuma, na asubuhi moja kikalala, hakiinuki tena.

"Umemtangulia mama yako uzee!" Memunatu, mkubwa wa wakandaji, alimtania. Vicheko vilipoisha akasema, "Mwanangu, beseni halikai bila mtu. Mkono ukishindwa, nampa mwingine."

Tukaenda hospitali Tamale. Daktari Lamisi alimpaka jeli ya baridi, akapitisha kile kidude cha altrasaundi juu ya kifundo, taratibu. Mimi niliangalia uso wa daktari, si kioo cha mashine. Kioo sikijui, nyuso nazijua. Nikasema moyoni, Ya Rabi, usimwache.

"Inua gumba, dada."

"Si nainua!"

Halikuinuka.

"Mfupa umeunga vizuri," daktari akasema. "Aliyeuunga anajua kazi. Ila palipopasuka pamebaki ncha. Kila ukikanda, kano ya gumba inasuguliwa hapo, mpaka imekatika. Mwisho mmoja huu hapa. Mwingine umejivuta huku."

Nikatazama kioo. Katikati palikuwa peusi.

"Sasa si uishone?" nikauliza.

"Miisho imeachana sana, mama. Kumasi wanaweza kuhamisha kano ya kidole kingine. Gumba litainuka. Lakini kukanda siagi siku nzima? Sitaki kuwadanganya."

Wumpini akajifuta jeli kwa mtandio wake. Tukarudi nyumbani.

Afa Napari alikuwa mlangoni petu, anacheka. "Mama Wumpini, kuku wangu anakimbia kama mwizi! Nimefuata haki yangu."

Wumpini akainama amkamate. Kuku akachoropoka kwenye ule mkono, mara ya kwanza, mara ya pili. Afa akaacha kucheka.

"Mkamate wewe, mama," Wumpini akasema. "Mpe. Ni wake."

Nikamkamata. Mguu ulikuwa mzima kabisa, anapiga teke.

Kesho yake Wumpini aliliosha beseni kwa mkono wa kushoto, akalikausha, akalifunika. Nikalipeleka mimi kwa Memunatu.