Jina la Mtoto Asiyeruhusiwa Maziwa

Mama yetu, Emanikor, alifika hospitalini Kakuma kutoka Lopur na kibuyu cha maziwa ya mbuzi kwapani. Nilimzuia mlangoni mwa wodi kabla hajatua. Nilimwambia hayo maziwa hayaingii.

"Ejok, Nelly," akanisalimu, kana kwamba sikuwa nimesema kitu. "Nimekuja kumpa mtoto jina."

Kwetu nyumbani mtoto hupata jina akinyonya. Bibi yake huita majina huku midomo ikiguswa kwa maziwa, na jina litakaloitwa anapoanza kunyonya ndilo lake. Lakini mtoto wa mdogo wangu Akuwam alikuwa amekatazwa maziwa yote: ya mama, ya mbuzi, ya ngamia. Nilikuwa nimemletea makopo ya maziwa ya soya kutoka Lodwar. Tangu aanze kuyanywa, kutapika kulikoma na manjano ya macho yakaanza kufifia. Mama aliposimuliwa hayo kwa simu aliona tumerukwa na akili.

Barnabé, tabibu aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya hapo Kakuma, alimketisha kando ya kitanda cha Akuwam, kibuyu kikiwa bado kwapani.

"Mama, sukari ya maziwa ikiingia ndani ya seli haitumiki hivyo hivyo. Inabebwaka. Kibebeo chake tunaita nukleotidi, na kinafika na sukari nyingine mgongoni. Kuna kimeng'enya cha kushusha ile na kupakia hii ya maziwa. Huyu mtoto alizaliwa bila hicho. Sukari inalundikana, inaharibu ini."

Nilitaka kumkumbusha kwamba anaongea na mfugaji, si wanafunzi wake. Mama akaniwahi.

"Punda iko," alisema polepole. "Mtu ya kufunga mzigo ndio hakuna."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Ni laana?"

"Hapana. Wazazi wote wawili wanabeba kasoro hii bila kujua, mtoto anairithi."

Mama akamtazama mtoto machoni. Nilijua fikira zake zilikokwenda, na nilitamani zisifike. Mtoto wa kwanza wa Akuwam alifia Lopur, mikononi mwa Mama.

"Ule wa kwanza, macho yake ilikuwa njano hivi hivi," alisema.

"Pengine ni ugonjwa huu. Siwezi kujua sasa," Barnabé alimjibu.

"Alikataa titi ya mama yake. Mimi nilimpatia ya mbuzi na kidole. Akilia, naongeza."

Hasira niliyomwekea tangu mlangoni iliniisha yote, nikabaki na uchungu tu.

Mama alinipa kibuyu nikitoe nje. Niliporudi alikuwa amesimama mbali na kitanda, mikono ameifunga nyuma. Alimwambia Akuwam ashike chupa ya soya, yeye ataita majina tu. Mkono wake usiguse mdomo wa huyu.

"Yule ulikuwa unamlisha tu, Mama," Akuwam alisema, akamwekea chupa mkononi. "Mlishe na huyu."

Mama alimgeukia Barnabé. "Hii haina?"

"Haina."

Aliita Ekeno, mtoto akageuza uso. Aliita Ejore, akalia. Alipoita Lomenen, mtoto alishika chupa kwa midomo akaanza kuvuta kwa nguvu, na Akuwam akalia machozi. Sote tulianza kumwita Lomenen. Mama hakumwita. Alikuwa ameikodolea macho ile chupa, akimuuliza tena Barnabé kama kweli haina maziwa.